Watu Waliokataa Wali wa Koko

Jambo lote lilitugharimu jogoo mmoja, kilo nane za mchele wa Sange, chupa mbili za mawese, na wateja wa Koko kwa msimu mzima wa mvua. Nimehesabu mara mbili, hesabu ni ile ile. Upande wa pili wa mizani tulipata ukuta wa mawe unaozuia korongo lisije kulala chumbani kwetu. Kama ilikuwa biashara nzuri au mbaya, sijaamua hadi leo.

Kinachonirudisha huko ni harufu. Mawese yakiwekwa motoni, kabla hayajatulia, hutoa harufu nzito kidogo, kama ya udongo uliolowa. Halafu kitunguu kikitupwa ndani yanapiga kelele na harufu inageuka kuwa ya sherehe. Nikipita popote hapa Uvira nikaisikia, mguu wangu husimama wenyewe. Si njaa. Nasimama kuangalia nani anapika, nani anakula, na nani ameshika sahani bila kula.

Koko ndiye mama wa mama yangu. Tulikaa kwake Nyamianda, mwisho wa avenyu, pale mji unapoishia na mlima unapoanza bila kuomba ruhusa. Mbele ya parsele, yaani kiwanja chetu, ukipanda juu ya benchi, uliliona ziwa limelala kama bati jipya. Nyuma kulikuwa na korongo. Wakati wa kiangazi lilikuwa mahali pa mbuzi na watoto. Wakati wa mvua lilikuwa mnyama. Mvua ya mwaka uliotangulia jambo hili lilichukua choo chetu chote pamoja na mlango. Mlango ulionekana baadaye huko ufukweni, na mtu aliyeuokota alituma salamu kuuliza kama tuko tayari kuukomboa.

Koko alikuwa mjane na aliishi kwa kupikia watu. Alikuwa na kibanda cha bati mbele ya nyumba, mabenchi mawili na meza iliyopungukiwa mguu mmoja, ikawekewa matofali. Alipika maharage, wali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala za kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Waliokula pale walikuwa wabeba mizigo, waendesha pikipiki, na mafundi wa uashi ambao tumbo lao halikubali kudanganywa. Mama yangu alikuwa anauza mchele. Aliuchukua Sange na kuuleta mjini. Mama alikuwa mtu ambaye ukimpa zawadi aliigeuza kwanza aone chini yake. Alipenda kusema: "Kitu kisicho na bei, ukikichukua umekopa." Nimelelewa na sentensi hiyo kama wengine walivyolelewa na uji.

Basi mwaka ule wakaja watu wa leso.

Wenyewe walijiita Ndugu wa Kilima. Zamani walisoma pamoja kwenye shule ya bweni huko juu, njia ya Lemera, na wakiwa bado wanafunzi walifunga udugu: wakubwa wawafundishe wadogo, mtu asiibiwe sabuni, shida ya mmoja iwe ya wote. Walipomaliza shule walitawanyika, lakini waliopata kazi Uvira, walimu, wauguzi, mmoja fundi wa redio, walijikusanya tena na kuanzisha tawi la wanafunzi wa zamani. Kila mmoja alifunga leso ya zambarau shingoni. Walipokutana njiani walishikana mkono, wakagusana kiwiko, kisha wakanong'onezana neno ambalo hakuna mtu wa avenyu yetu aliyewahi kulipata vizuri. Watu wazima, wenye wake na watoto, wakigusana viwiko. Mtaani kwetu hiyo ilitosha kufungua faili.

Walianza na mambo madogo. Waliwakusanya wazee wa avenyu wakaenda nao kwa meya kudai bomba la maji lililokuwa limefungwa lifunguliwe, na likafunguliwa. Mama aliwaacha kwanza mbuzi wa jirani wanywe yale maji, akawaangalia hadi jioni, ndipo akanituma na bidoni la kuchotea. Kisha Ndugu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi faida ya kuandikisha watoto serikalini mara wanapozaliwa. Hapo maneno yakawa mengi. Mama Riziki, jirani yetu wa mkono wa kushoto, ambaye kinywa chake kilikuwa redio isiyohitaji betri, alikuwa na maelezo matatu na aliyatumia kwa zamu. Asubuhi hao watu walikuwa wanatafuta kura. Mchana walikuwa wanapima parsele za wajane. Jioni, moshi ulipoanza kutanda, walikuwa watu wa chini ya maji, wale wanaoshuka ziwani kuchukua utajiri na kuulipia kwa roho za wenzao.

"Sasa kama iko na utajiri wa chini ya maji," mama alimwambia, "mbona prezida wao anavaa viatu vilivyoshonwa?"

"Ndiyo ujanja yenyewe," Mama Riziki akajibu.

Huyo prezida aliitwa Papa Byamungu. Alikuwa mwalimu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na sauti ya mtu aliyezoea kusema jambo moja mara nne. Alikuja kwetu mwanzoni mwa Septemba, mvua kubwa hazijaanza, akaomba ruhusa: Ndugu wake walitaka kujenga ukuta wa mawe nyuma ya nyumba ya Koko na kuchimba mtaro wa kuyatoa maji hadi barabarani. Kazi yao, mikono yao. Koko asilipe hata kikombe cha maji.

Mama hakumpa kiti. Nilijua maana yake. Mteja anayepewa kiti ni yule ambaye bei imekwisha kukubaliwa.

"Minye munatafuta nini kwetu?"

"Hatutafuti kitu, mama. Tunatumikia."

"Munatumikia nani?"

"Raia."

"Raia ni nani? Mimi ni Mama Sifa."

Sifa ndiye mimi. Mgeni akacheka. Mama hakucheka.

"Munataka kura?"

"Hapana."

"Parsele?"

"Hapana, mama."

"Mumefungua kanisa?"

"Kila mutu kwetu iko na kanisa lake."

Alipoondoka mama alinigeukia kama vile mimi ndiye niliyekuwa mnunuzi. "Mutu anayesema hapana mara tatu," akasema, "ya nne ndiyo anakuja kuomba." Lakini mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima, na choo kipya kilikuwa cha majani. Koko ndiye aliyekata shauri. Waje.

Usiku wa kuamkia salongo, yaani ile Jumamosi ambayo kila mtu hutoka kufanya kazi ya wote, mama na Koko walibishana juu ya chakula. Mama aliona hakuna haja. Wamesema bure, basi iwe bure, wasije wakadai baadaye kwamba walikula na kunywa na kuwa watu wa nyumbani. Koko alimwacha aseme yote. Koko alikuwa na namna ya kusikiliza huku akichambua mchele, kama anayetafuta mawe kwenye maneno yako pia.

"Mutu akikupigia kazi akarudi na njaa yake," akasema, "ile kazi imebaki yake. Ukuta utakuwa kwako, lakini utakuwa wake. Akila, basi. Mumemalizana."

Hilo mama alilielewa mara moja. Alikuwa hajalifikiria kwa upande huo: kwamba sahani ni risiti. Akaenda kwenye mifuko yake akapima mchele, na hakupima ule wa vipande.

Jumamosi ile walikuja kumi na watano, leso shingoni, majembe begani. Nakubali walifanya kazi. Walisomba mawe kutoka ndani ya korongo, wakayapanga kwa akili, kubwa chini, dogo juu, na jioni ilipokaribia ukuta ulikuwa umenifika kifuani. Watu wa avenyu walikuja pia, nusu kusaidia na nusu kulinda mipaka. Mama Riziki alibeba mawe mawili na macho yake yakabeba mengine yote. Na muda wote huo harufu ya jiko la Koko ilikuwa inatembea kati ya wachimbaji: wali, sombe iliyotwangwa vizuri, ndagala zilizokaangwa hadi zikalia zikivunjwa. Niliona koo za wale Ndugu zikipanda na kushuka. Nataka mkumbuke hilo.

Koko akatoka na sinia. Nilitangulia na jagi la maji na beseni la kunawia. Alifanya kama inavyotakiwa kwetu, kwa sababu kwetu sumu inaogopwa kuliko radi, na mpishi mwenye heshima hangoji kuombwa. Alichukua kijiko, akaonja wali, akaonja sombe, akala ndagala mbili, akanywa maji kutoka jagi lile lile, mbele ya watu wote. Kisha akamsogezea Papa Byamungu sinia.

Papa Byamungu aliweka mkono kifuani. "Mama, asante sana. Lakini sisi Ndugu hatuli pale tunapotumikia. Iko sheria yetu."

"Munakula wapi?"

"Tukifika nyumbani."

"Nyumbani kwako iko mbali?"

"Si mbali sana."

"Basi kwangu iko karibu zaidi."

Watu wakacheka, na kama angecheka naye na kunyoosha mkono, nisingekuwa na habari ya kuandika. Lakini alikuwa mwalimu. Akaanza kuieleza ile sheria: kwamba wasiwe mzigo kwa mama maskini, kwamba mtumishi wa kweli hapokei ujira. Maneno mazuri. Kila alivyoendelea kuyasema, sinia lilizidi kuwa zito mikononi mwa Koko, na mmoja baada ya mwingine wale Ndugu nao wakaweka mikono kifuani, kumi na wanne, kama watu wanaoimba wimbo wa taifa. Nilibaki na jagi langu. Hakuna aliyenawa.

Wangeondoka wakati ule, pengine jambo lingekufa. Lakini Mama Riziki, ambaye alikuwa amezunguka nyuma ya rundo la mawe kwa sababu zake, alimkuta yule fundi wa redio amechuchumaa, anakula mkate na parachichi kutoka mfukoni. Alirudi polepole. Hakupaza sauti.

"Kumbe njaa iko," akasema. "Chakula cha hapa ndiyo hawataki."

Sentensi hiyo ilishuka avenyu nzima kabla Ndugu hawajamaliza kufuta majembe yao. Majirani waliokuwa wamekaa wakingoja zamu yao ya sahani wakaanza kukumbuka mambo waliyoacha motoni. Wali ule tulikula sisi, siku hiyo na kesho yake, na hakuna kitu kigumu kushuka kama wali mzuri ambao watu wameukataa.

Mnaosoma hii mbali na hapa mtasema, ni chakula tu. Kwetu, mtu akikataa chakula chako mbele za watu, baada ya wewe kuonja, amekusema. Hajakutukana, amekusema una sumu. Na aliyekataa si mlevi wa barabarani. Ni walimu, wauguzi, watu wenye diploma. Watu walijiuliza, hawa wasomi wanajua nini ambacho sisi hatujui? Na mtaa wetu ukijiuliza swali, haulali bila jibu. Ikakumbukwa kwamba mwendesha pikipiki mmoja aliwahi kuumwa tumbo baada ya kula maharage pale. Ikakumbukwa kwamba babu yangu hakufa kwa ugonjwa wenye jina. Ikakumbukwa kwamba Koko huwa hapendi watu waingie jikoni kwake, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa sababu jikoni lilikuwa dogo na yeye alikuwa mnene.

Wabeba mizigo wakapungua. Mafundi wakagundua kibanda kingine mbali zaidi, na fundi wa uashi hatembei mbali bure. Koko aliendelea kupika kiasi kile kile, nadhani kwa ukaidi, na jioni tulirudisha sufuria ndani ikiwa imejaa. Alianza kula mwenyewe pale mbele, kwa sauti, akisifu chumvi. Watu wakapita wakitazama ziwa. Kanisani, kwenye benchi la akina mama, palibaki nafasi upande wake wa kulia ambayo ingetosha mtu na mtoto. Kwa mjane mzee hiyo nafasi ni jambo la kuogopa. Tulijua wajane waliofukuzwa kwenye nyumba zao kwa kidogo kuliko hicho, na wengine kwa mawe.

Ukuta, wakati huo, ulikuwa unafanya kazi yake. Mvua zilikuja, korongo likanguruma, likagonga, likageuka kwenye mtaro. Tulilala pakavu. Mama alikuwa anausikiliza ukuta gizani kama mtu anayesikiliza hatua za mdai.

Kilichomwamsha mama hakikuwa kupotea kwa wateja. Jioni moja Koko alitupakulia maharage, mimi na wadogo zangu, na mama akachukua kijiko, akaonja kutoka sahani yangu kabla hajaisogeza kwangu. Mkono tu ulijiendea. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote. Koko aliona. Aliendelea kupakua, akafunika sufuria, akapanguza mfuniko kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama alikaa na kijiko kile mkononi hadi maharage yakapoa.

Jumapili yake, baada ya misa, mama alinishika mkono tukaenda pale Ndugu wa Kilima walipokuwa wakikutania, darasa moja la shule lenye ubao uliopasuka. Alimwita prezida nje. Hakumsalimia kwa muda mrefu.

Papa Byamungu aliposikia yaliyompata Koko, alivua miwani. Kusema kweli alionekana kama mtu aliyepigwa. Alisema atamwandikia Koko barua ya Ndugu wote, yenye muhuri, isomwe kanisani.

"Barua hailiwi," mama akasema.

Alisema basi tawi lichange, wamfidie mama mzee hasara yake. Mama, ambaye sijawahi kumwona akikataa noti, alikataa. "Ukimulipa, watasema amelipwa anyamaze. Mutakula."

"Nitakula mimi, kwa niaba ya wote."

"Kwa niaba haishibishi mutu. Kumi na tano walikataa, kumi na tano watakula."

"Mama, hiyo ni sheria ya Ndugu. Siwezi kuivunja kwa wengine bila kura. Watatu."

"Kumi na mbili."

"Watano."

Nilisimama pale nikiangalia mama akinunua heshima ya mama yake kama anavyonunua mchele, akigeuka kuondoka mara mbili, akirudi mara mbili. Walikubaliana saba, yeye prezida akiwa wa kwanza kula, saa ya mchana watu wanapopita wengi, na Mama Riziki ndiye awanawishe mikono. Halafu Papa Byamungu akapata mwanya wake: watalipa, kama wateja. Mteja hapokei ujira, ananunua. Sheria itabaki nzima. Mama alifikiri, akakubali. Ilikuwa bei nzuri kwa pande zote. Njiani alitembea haraka, ameridhika.

Siku waliyopatana ilipofika, Koko alichinja jogoo. Mama alileta mchele tena. Ndugu saba walikuja na leso zao, wakakaa kwenye mabenchi yaliyokaa tupu muda mrefu, na avenyu ikawa na shughuli nyingi za ghafla mbele ya kibanda chetu. Mama Riziki aliwamiminia maji, uso wake umetulia kama wa mtu wa mahakamani. Papa Byamungu akaingiza mkono mfukoni, akaweka franga mezani.

Koko akazitazama.

"Rudisha mufukoni," akasema. "Leo sijafungua biashara. Leo iko na wageni."

Mama akafumba macho. Bei yake nzuri ilikuwa imevunjwa na mwenye mali. Papa Byamungu aliwatazama wenzake, akawatazama watu barabarani, akamtazama Koko, kisha akachukua zile franga kidogo kidogo na kuzirudisha. Sasa sheria ilikuwa imebaki upande mmoja wa meza na yeye upande mwingine.

Koko alionja wali, akaonja mchuzi, kama siku ile. Halafu akampakulia, na juu ya wali akaweka firigisi. Kwetu firigisi ni ya mkubwa wa wanaume. Ukipewa umevikwa kofia.

Papa Byamungu aliichukua. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nimeshika taulo, na niliuona mkono wake. Ulifika nusu ya njia ukasimama. Jasho lilitokea juu ya mdomo wake. Nilidhani anasikitika kwa ajili ya sheria yake. Watu nyuma wakaanza kunyoosha shingo.

Ndipo Koko alipofanya kile kitendo. Alinyoosha mkono, akaichukua firigisi kutoka vidoleni mwake, akaing'ata katikati, akatafuna bila haraka, akamrudishia nusu iliyobaki.

Mwanamke. Mzee. Firigisi. Mbele ya wanaume. Nilisikia Mama Riziki akivuta pumzi. Mtu mmoja barabarani alisema "Yesu," mwingine akaangua kicheko, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyemtazama prezida kabisa. Ndani ya kelele zile yeye aliitia ile nusu mdomoni akaila. Kisha akala wali. Wenzake sita wakala. Walikula hadi mifupa, na yule fundi wa redio aliomba ukoko.

Wateja walirudi. Si wote, wawili watatu hawakurudi tena, na nafasi ile kanisani ilipungua ikatosha mtoto tu. Lakini mwaka mzima uliofuata avenyu ilisema juu ya jambo moja: bibi wa Nyamianda aliyekula firigisi ya mwanaume. Walimcheka, wakamwigiza, wakaja kula kwake ili wamwulize kwa nini. Mimi nilimwonea aibu. Niliona kwamba baada ya shida yote ile, Koko ameharibu siku kwa ulafi. Yeye alijibu kila aliyeuliza, "Ilikuwa inapoa."

Nilikuwa mtu mzima tulipomzika. Kwenye matanga Papa Byamungu alikuja, nywele nyeupe, akakaa na mama kwenye mkeka. Alisema, kwa sauti isiyo ya darasani, kwamba alipokuwa mdogo kaka yake alikula kwa watu, akarudi nyumbani akiwa ameshika ukuta, na hakumaliza wiki. Mama yao alimwapisha asile kamwe kwa watu. Alipofika shule ya bweni, wenzake walipotafuta sheria za udugu wao, ni yeye aliyependekeza hiyo ya kutokula. Wote waliisifu kwamba ni ya unyenyekevu. Na ilikuwa ya unyenyekevu pia, alisema. Kwa wengine kumi na wanne ilikuwa hivyo tu. Mama alimsogezea sahani, naye akala.

Hapo ndipo nilipouona tena ule mkono uliosimama nusu ya njia, na nikaelewa kwamba Koko aliuona siku ile ile. Aliona mtu anayeogopa mbele ya watu wengi, mtu ambaye woga wake, kama ungeonekana, ungemmaliza Koko kabisa na kumwaibisha yeye milele. Akawapa watu kitu kikubwa zaidi cha kutazama. Alilipa kwa jina lake mwenyewe, lile lile tulilokuwa tunajaribu kulikomboa, na hakudai chenji.

Sasa sikieni kwa nini nimewasumbua. Sisi tuliosoma shule moja ya wasichana hapa mjini tumeanzisha umoja wetu. Jumamosi ijayo tunakwenda Sange kuzibua mitaro karibu na soko na kujenga upya nyumba ya mjane mmoja iliyoangushwa na maji. Komite imenipa mimi niandike sheria za siku hiyo, kwa sababu wanasema ninahesabu kila kitu. Nusu wanataka tusile, kwa heshima. Katika nusu hiyo wapo wawili ambao siwaulizi sababu, kwa kuwa mimi mwenyewe sili ovyo kwa watu, na mmoja wetu akiumwa tumbo njiani atakuwa mgonjwa wangu, mimi niliyeandika sheria. Nusu nyingine wanasema tule. Nimeandika sheria hiyo mara mbili na kuifuta mara mbili.

Na jana yule mama wa Sange amenitumia ujumbe kwa simu ya mjukuu wake. Anauliza tutakuwa wangapi, ili ajue kiasi cha mchele wa kuloweka. Sijamjibu. Minye mungemwambia nini?